Mfuko Uliogeuzwa Ndani: Fundi Aliyekataa Nembo Yake Inyooshwe

Saa kumi na moja alfajiri, gizani, unasikika mlio mdogo: tak. Ni bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, inaingia kwenye nyumba yake chini ya cherehani. Umeme haujarudi tangu jana, lakini fundi huyu hahitaji taa kwa kazi hiyo. Vidole vinaijua njia.

Majirani wanamwita Mama Tepe, kwa kuwa tepe ya kupimia haimtoki shingoni. Hata wodi ya wazazi aliingia nayo.

"Muuguzi alitaka kuivua. Nikamwambia niachie, mtoto akitoka nitampima mwenyewe," anasema, akicheka kwa sauti ya chini asimwamshe binti yake wa miaka mitano, aliyelala nyuma ya pazia.

Juu ya meza ya kukatia, simu yenye kioo kilichopasuka inapakua toleo jipya la programu. Mstari wa kijani unasogea kwa uvivu. Mama Tepe anauchungulia, anashona kidogo, anauchungulia tena. Anataka kuona kwa macho yake kama nembo yake imewekwa jinsi alivyoishona, au wameinyoosha kimyakimya.

Programu yenyewe huchora vipande vya nguo. Unaingiza vipimo vya mteja, inakutolea kola, mkono na mgongo, tayari kuchapishwa kwenye karatasi za kawaida. Ni programu huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoundwa ndani, hata airekebishe. Wanaoitunza ni watu wa kujitolea wanaokutana kwenye jukwaa la mtandaoni.

Mama Tepe hajui kuandika msimbo wa kompyuta. Aliingia jukwaani miaka miwili iliyopita, tena kwa ugomvi.

"Mikono ya mashati ilikuwa inabana. Nikawaandikia, nyie watu, mmesahau nafasi ya mshono! Baada ya siku mbili wakarudi na asante." Tangu hapo amewaonyesha kasoro kumi na tisa.

Mwaka huu programu ilipotafutiwa nembo, kila aliyewahi kuchangia aliruhusiwa kushindana. Zilikuja arobaini na moja, karibu zote za kompyuta. Yeye alishona mfuko wa shati kwenye kipande cha kitambaa cha bluu, akaupiga picha, akatuma.

Akatuma upande wa ndani.

"Wala sikufikiri mara mbili. Fundi akimwonyesha fundi mwenzake kazi, anaigeuza. Kwa nje hata kazi mbovu inapendeza. Ndani ndiko tunakokaguana."

Kwa ndani mfuko wenyewe hauonekani. Unaona njia ya mshono tu: mstari mwekundu unashuka, unakunja ncha, unapanda upande wa pili. Ni mwekundu kwa sababu uzi mweupe wa bobini ulikuwa umemwishia. Kwenye pembe mbili za juu kuna vifundo viwili, alivyofunga kwa mkono ili mfuko usichanike.

Mchoraji wa kamati alidhani amekosea. Akamrudishia picha iliyosafishwa, vifundo vimefutwa. "Dada, tumekusaidia kidogo," alimwandikia faraghani. "Ukikubali hii, inaingia kwenye kura. Usipokubali, itabidi tuiondoe."

Fundi Suruali, mzee anayeshona naye chumba hiki na ambaye hajawahi kushona kitu chenye mikono, alimshauri akubali.

"Vifundo viwili tu vinakukosesha usingizi? Na hulipwi!"

"Je, nikivikata vya kwenye suruali zako?"

"Suruali zangu zinavaliwa, mwanangu. Hiyo yako atavaa nani?"

Ambacho mzee hakukijua ni kisa cha gauni moja. Kwa miaka saba Mama Tepe alishonea duka moja, magauni sita kwa siku, na kila moja lilitoka na lebo ya mwenye duka. Siku moja alimwona bibi harusi amevaa kazi yake. Akasema kwa furaha, hilo nimelishona mimi. Shangazi wa bibi harusi akamcheka.

"Nikamwambia, ligeuze ndani, pindo la kushoto, utakuta vifundo vyangu viwili. Akaniona mwehu. Nikaapa sitafutwa tena."

Hakumjibu mchoraji faraghani. Alilipeleka jambo jukwaani, mbele ya wote: "Mnasema programu hii haifichi ndani yake. Basi na nembo isifiche. Vifundo vikitoka, na mimi natoka, na mfuko wangu msiutumie." Kisha akawaomba mafundi wote wageuze nguo waliyonayo, wapige picha, waweke hapo.

Kufikia jioni zilikuwa picha sitini na tatu. Ya kwanza ilikuwa ya suruali.

Kamati ilirudisha nembo kama ilivyokuwa, ikashinda kwa kura tisa. Hata hivyo mchoraji aliandika kwamba kwenye simu vifundo huenda visionekane vizuri, "tutaangalia la kufanya." Ndiyo maana leo Mama Tepe haamini mtu.

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumapili, atawafundisha mafundi wanane kutumia programu hiyo, humu humu chumbani. Nguo zake nazo zitapata lebo yake, yenye vifundo viwili.

"Na nitaishona kwa nje," anasema.

Na kama wamevifuta?

"Nitawaondokea hadharani, kama nilivyosema. Darasa litabaki palepale. Programu ni huria, nani atanifungia mlango?"

Simu inalia: toleo jipya limeingia. Mkono wa Mama Tepe unabaki juu ya gurudumu la cherehani, hausogei. Pazia ndilo linalosogea. Binti yake anatoka na shuka begani, anapanda kwenye kigoda, anainamia kioo kilichopasuka na kukigusa kwa kidole, mara moja, mara mbili.

"Mama, vyote viwili vipo."