Senene Ndani ya Kompyuta ya Kimwani

Alistidia Byabato aliikubali kazi ya shule ya Kimwani kwa sharti moja: Rugaibula awepo wakati kompyuta inafunguliwa. Mwalimu Kashaija, mkuu wa shule, alidhani huo ni utaratibu wa mafundi. Hakujua kwamba mwanamke huyo, mwenye duka dogo la kutengeneza kompyuta mjini Bukoba, alikuwa amelisubiri jina hilo kwa miaka kumi na mmoja.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka chuo, ameajiriwa na Rugaibula, fundi aliyesifiwa kuliko wote mjini. Asubuhi moja kompyuta ya mteja ililipuka mara tu ilipochomekwa kwenye umeme. Swichi nyekundu nyuma ya pawasaplai, kifaa cha kuingizia umeme, ilikuwa imesogezwa kwenye volti 110 badala ya 230, na aliyeisogeza ni Rugaibula mwenyewe alipokuwa akifuta vumbi. Akamwambia mteja aliyeisogeza ni binti. Kisha akampigia simu baba yake Alistidia, mkulima wa migomba na kahawa kule Izigo, aje amchukue mwanawe. Mzee Byabato alifika kwa basi la kwanza na mkungu wa ndizi begani, akautua mlangoni mwa duka, akapiga goti mbele ya wapita njia, akaomba radhi. Mzee huyo amekwisha kufariki. Alistidia ni Mlutheri asiyekosa ibada ya Jumapili na amesamehe mengi, lakini goti lile hajalisamehe wala hajajaribu.

Habari za Kimwani zilikuwa fupi. Kompyuta ya ofisi ya shule ilikuwa nzito, Rugaibula akaitwa aiongezee RAM, kijibamba cha kumbukumbu. Alipomaliza, haikuwaka tena. Akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa kwa sababu katibu muhtasi, Agnetha, aliimwagia chai. Agnetha alikuwa wa mkataba, mwaka wake wa pili. Alipewa barua ya kujieleza, na asipojieleza vizuri hadi Ijumaa, mkataba ungeishia hapo.

Mwalimu Kashaija alipomsimulia hayo kwa simu, Alistidia aliuliza swali moja tu.

“Amesema ni binti?”

“Ndiyo. Umejuaje?”

Rugaibula alifika ofisini na shati lililopigwa pasi, akamtambua mara moja. Akawaambia walimu waliokuwapo kwamba huyu ni mwanafunzi wake, yeye ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Alistidia akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akavua saa yake, akaiweka mezani.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, kisha ikatoka milio mirefu mitatu, kimya, na mingine mitatu. Akamweleza mkuu wa shule kwamba mazabodi iliyokufa hailii. Hii ilikuwa hai, na ilikuwa inalalamika kwamba haioni RAM yake. Akachomoa waya wa umeme, akagusa bati la kasha ili kuondoa chaji mwilini, akang’oa RAM mpya na kuiacha ile ya zamani. Alipowasha tena, skrini ikajaa mwanga. Agnetha akaketi kwenye kiti cha karibu bila kuangalia ni cha nani.

Hapo angeweza kufunga mkoba wake. Agnetha alikuwa ameshapona. Lakini Alistidia hakutoka Bukoba kwa ajili ya Agnetha peke yake. Alizima, akachomoa waya tena, akaomba tochi, akamulika ile nafasi ambamo RAM mpya ilikuwa imechomekwa. Kulikuwa na chembe ya kahawia imejibana ndani. Akaliinamisha kasha taratibu, na senene mzima akateleza kutoka chini ya nyaya hadi juu ya meza.

“Huu si msimu wao?” Rugaibula alisema. “Wanaingia mpaka kanisani. Mlaumuni Mungu.”

Walimu wakacheka. Siku zote alikuwa hodari wa kuchekesha watu.

Alistidia alimsukumia senene yule juu ya karatasi nyeupe. “Senene anayeingia mwenyewe ana mabawa. Huyu amenyofolewa, amekaangwa, ana chumvi. Waitu, mzee wangu, aliruka kutoka kwenye sufuria gani?”

Safari hii walicheka zaidi, na Rugaibula hakucheka.

Ndipo Agnetha akasema. Siku ile alimwekea fundi sahani ya senene, kama anavyowekewa mgeni yeyote mwezi wa Novemba, na fundi alikula huku anachomeka vyuma. Hakulitaja kwenye maelezo yake kwa sababu hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayehesabu tonge la mgeni.

Alistidia aliinua RAM mpya mbele ya dirisha. Kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu kulikuwa na alama ya kidole gumba, yenye mafuta. Akaisugua kwa kifutio cha penseli, akaisafisha ile nafasi kwa brashi kavu, akaichomeka mpaka vibanio vikalia. Kompyuta ikawaka na RAM zote mbili.

Rugaibula alimsogelea, akahamia Kihaya kwa sauti ya chini. Alisema wao ni watu wa nyumba moja, kwamba ana shule nyingine anazozihudumia, kwamba mambo kama haya huzungumzwa pembeni. Alistidia akamjibu kwa Kiswahili, ili hata walimu waliotoka mikoa mingine wasikie.

“Tata, baba yangu, uliongea naye mbele ya watu.”

Mwalimu Kashaija, akitaka amani, alipendekeza taarifa iandikwe kwamba palitokea hitilafu ndogo ya kiufundi. Alistidia alisema hiyo hataisaini. Basi Agnetha akaketi mbele ya kompyuta ile ile, Alistidia akamtajia polepole: jina la fundi, jina la duka lake, tarehe, mafuta ya kidole, senene mmoja wa kukaanga. Sentensi ya mwisho ilisema katibu muhtasi hakumwaga chai. Akaagiza nakala ziende kwa wakuu wa shule zote ambako Rugaibula anafanya kazi. Mkuu wa shule aliuliza kama hilo ni lazima, akajibiwa kwamba ni lazima.

Karatasi ilipotoka kwenye printa, Rugaibula aliomba kalamu asaini aondoke.

“Isomwe kwanza,” Alistidia alisema. “Asome yeye, kwa sauti.”

Rugaibula akasoma, amesimama. Alipofika kwenye jina lake alilipita haraka haraka, na Alistidia akamwomba arudie.