Utani wa Zipu

Jumanne ya tarehe 9 Juni 2015, saa nne asubuhi, mama mmoja, fundi cherehani wa nyuma ya soko, alifunga duka huku wateja wawili wakiwa bado kwenye benchi. Mwanawe wa kiume alikuwa amempigia simu kutoka wodi ya wazazi: mkewe alikuwa akikataa kupasuliwa tangu alfajiri, na hamsikilizi mtu.

Fundi aliijua sababu kabla hajafika getini. Yeye mwenyewe alizaa watoto sita kwa njia ya kawaida, na hakuchoka kulisema hilo. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji akileta gauni lipanuliwe kiuno, fundi alimuuliza kama zipu mbili zitamtosha, ya gauni na ya tumbo. Benchi zima lilivunjika mbavu. Mkwe wake huyo, aliyekaa pembeni akishona vifungo, alicheka pamoja nao.

Wodini, muuguzi hakumzungusha. Mtoto amelala mkingamo, alisema, na mkono umetangulia. Kila njia ina hatari yake: upasuaji unaweza kuleta damu nyingi, kidonda kinaweza kuoza, na mimba inayofuata lazima iangaliwe kwa makini. Lakini huyu akiendelea kusukuma, mfuko wa uzazi utachanika.

Mkwe alikuwa amelowa jasho.

"Mama, nitajitahidi," alisema. "Sitaki kuwa wa zipu."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mteja wa dukani, mmoja wa wale waliowahi kuulizwa swali la zipu. Akageuza shingo kutazama. Fundi, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala, hakuwa na pa kuuweka uso.

"Mwanangu, yale yalikuwa maneno ya kuchekesha wateja," alisema hatimaye. "Nimekukosea. Kubali."

"Hutanicheka?"

"Sitakucheka."

Akakubali. Wauguzi walikuwa wakimkimbiza na kitanda kwenye korido pale uchungu ulipokatika ghafla, naye akanyamaza. Mfuko ulikuwa umeshachanika. Madaktari walimtoa mtoto wa kike akiwa hai, kwa bahati tu. Damu ya mama yake hawakuweza kuizuia.

Mwana wa fundi hakumlaumu mama yake. Msibani alimletea kiti, akamuuliza kama amekula, akaenda zake. Angemtukana, fundi angepata la kujibu. Baada ya mazishi fundi alibaki na mtoto, akafungua duka, na wateja wakaeleza shida za nguo zao kwa sauti ya chini na kuondoka. Siku moja yule wa kitanda cha jirani alileta gauni lipanuliwe kiuno. Aliliweka mezani, akasimama, akasubiri. Fundi alichukua vipimo bila kuinua macho.

Wiki hii ameshona vigauni vya mjukuu, vyote vya vifungo. Jumamosi mwanawe atakuja kumchukua mtoto na vigauni hivyo, ampeleke akalelewe kwa mama wa marehemu.