Mlango wa Sivakami Usio na Kolamu

Jumamosi, tarehe 13 Januari 2018. Ukungu mzito tangu alfajiri, baridi ya kuvuta shuka, na moshi juu yake, kwa sababu ilikuwa siku ya kuamkia Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, na kila nyumba ilikuwa ikichoma mikeka mibovu na mafagio ya mwaka uliopita. Jua lilichelewa sana kuonekana.

Mtaa wetu ni wa wafumaji wa sari, nje kidogo ya Dindigul, kusini mwa India. Nyumba zinatazamana, na baraza langu linaelekeana na la Sivakami. Tangu nilipoolewa hapa, uso wa kwanza ninaouona asubuhi ni wake. Zamani nilimkuta ameinama mbele ya mlango wake, pindo la sari limechomekwa kiunoni, unga wa mchele ukimtoka vidoleni kama uzi. Hakuna aliyechora kolamu, pambo hilo la kila alfajiri mlangoni, kama yeye. Alianza kwa vitone, kisha mstari mmoja ukavizunguka vyote na kurudi ulikoanzia, naye huku anaongea na muuza maziwa. Miaka hiyo, mwezi kama huu wa Margazhi, wanawake wanaposhindana kwa maua na rangi, watu walitoka mtaa wa pili kuja kuitazama kolamu yake, na binti yake Poongodi alisimama kizingitini na taa akiwafokea wenye baiskeli wasikanyage.

Tangu mwezi wa Juni mlango huo ulikuwa mtupu. Kwetu, nyumba isiyochorwa ni nyumba iliyofiwa. Mpita njia hana haja ya kuuliza.

Poongodi hakufa. Aliolewa. Alimpenda Anbarasu, kijana wa ng'ambo ya mfereji, wale wa tabaka la chini, ambao baba zao hupiga ngoma kwenye mazishi yetu na kunywa chai yetu wakiwa wamesimama nje. Wakaandikisha ndoa yao Tiruppur, ambako wote wawili wanafanya kazi katika kiwanda cha fulana. Siku habari zilipofika, Ratnavelu, baba yake, aliuacha mtambo wake wa kufumia, akaenda kisimani akajimwagia maji kichwani na nguo zake mwilini, kama mtu aliyetoka kuchoma maiti. Akavunja chungu, kama tufanyavyo msibani. Mtaa mzima ulikuwa umesimama ukimwangalia.

"Mtoto wetu amekufa," alimwambia mkewe. "Mwaka mzima hutachora mlangoni, sikukuu hatuli, na jina hilo nisilisikie humu ndani."

Kisha akauweka mkono wa mkewe juu ya kichwa chake mwenyewe, akamwapisha: maadamu mtoto amekufa, asimtafute. Kiapo cha namna hiyo, ukikivunja, anayedhurika ni yule uliyemshika kichwa. Sivakami akaapa.

Ndugu wa mbali hawakuambiwa ukweli. Wakiuliza, waliambiwa Poongodi anakaa hosteli ya kiwanda na hapati likizo.

Mke wa kwetu hatamki jina la mumewe. Tangu binti yao alipozaliwa, Sivakami alimwita mume wake Baba Poongodi. Jina lilipokatazwa, akabaki hana la kumwita. Niliwahi kumsikia akiuambia mlango, "Jamani, chakula." Siku nyingine aligonga tu kifuniko cha sufuria, na mume akatoka.

Kila mchana Sivakami alikuja kwenye baraza langu tukafunga pamoja nyuzi za mapindo ya sari. Hakulia. Aliuliza maswali madogo madogo.

"Dada, huko Tiruppur kuna baridi pia?"

"Itakuwepo. Si mbali hivyo."

"Hana shuka zito. Alizoea kuvuta langu." Akafunga fundo, akalikata. "Na asubuhi nani anamwamsha? Yule ukimwamsha mara moja hajaamka."

"Sasa ana mume."

"Mume atamwamsha kwa upole. Kwa upole haamki."

Namba ya Poongodi nilikuwa nayo, na Sivakami alijua ninayo. Kila siku aliitazama simu yangu iliyolala kwenye kikapu cha nyuzi, na kila siku aliondoka bila kuigusa. Bombani mwanamke mmoja, Kanthimathi, alipenda kumchokoza. "Wenzetu mna raha, hamwinami asubuhi. Mgongo unapumzika." Sivakami akamjibu, "Nikugawie hiyo raha, Kanthi? Ninayo nyingi." Akajitwika ndoo yake akaenda.

Basi siku hiyo ya moshi, watu wakiwa wameshakunywa kahawa, shangazi yake Ratnavelu, Pechiammal, akatokea kwenye kona, akitoka kwao Natham. Ni mzee wa kuonekana mbali, mrefu, na alikuwa amejitwika miwa na mmea wa manjano mbichi wenye majani yake, zawadi ya sikukuu kwa nyumba ya mpwa wake.

"Mnachoma mikeka au mnachoma watu?" aliwafokea watoto. "Sioni hata miguu yangu!"

Alipita akiinua sari asiharibu maua yaliyochorwa mbele ya kila nyumba. Akafika kwa Sivakami. Chini hapakuwa na kitu, udongo mtupu uliofagiwa.

Miwa ikaanguka. Bibi akafungua nywele zake nyeupe, akajipiga kifua, akaanza kuomboleza kwa ile sauti ya wimbo ambayo wanawake wa umri wake wanaijua. "Nguzo yangu imeanguka! Mmeniacha na nani!" Alilia kwanza, kuuliza kulikuja baadaye. Mitambo ya kufumia ikanyamaza nyumba baada ya nyumba, watu wakatoka.

Ratnavelu naye akatoka, nyuzi zikining'inia begani. Shangazi alipomwona akakatiza kilio katikati.

"Wewe uko hai?"

"Niko hai, shangazi."

"Basi namlilia nani? Mkeo?"

Sivakami akatokea nyuma ya mumewe na kikombe cha kahawa mkononi.

"Na huyu yupo! Nani sasa? Semeni, nyie! Mbona hata kuniita hamkuniita?"

Ratnavelu aliwatazama majirani, kisha akatazama chini. "Poongodi," alisema. Tangu Juni sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake.

Bibi alikaa chini palepale mavumbini. Safari hii hakuimba maneno ya kila msiba. "Poongodi wangu! Uliyenifichia miwani kwenye pipa la mchele! Uliyekula maembe mabichi ukaharisha sikukuu nzima! Nani amekuosha, mama? Nani amekusuka nywele, nawe hutaki kushikwa nywele? Baba yako alikubeba begani ukaone gari la mungu likivutwa. Amekuwekea mchele mdomoni kwa mkono uleule? Niambie, amekuwekea?"

Mchele huo ndio baba humwekea maiti kabla ya moto. Nilimwona Ratnavelu akiutazama mkono wake.

"Nyamaza, shangazi."

"Ninyamaze vipi? Mtoto mbichi namna ile!"

"Nyamaza! Unamletea uchuro! Usimlilie mtoto aliye hai!"

Ilisikika mpaka mwisho wa mtaa.

"Yu hai?" aliuliza bibi.

"Yu hai."

"Yuko wapi?"

"Tiruppur. Ameolewa. Na kijana wa ng'ambo ya mfereji."

Pechiammal alizikusanya nywele zake taratibu, akazifunga fundo. "Yaani nimekipiga kifua changu kibovu hiki kwa ajili ya harusi?"

Kanthimathi akacheka.

"Cheka, cheka," bibi alimwambia bila kugeuka. "Wa kwako bado hawajaolewa." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Nisikilize, Ratna. Nyumbani kwa kijana huyo mimi sinywi hata maji. Nimelelewa hivyo, nitakufa hivyo. Lakini mimi nimezika watoto watatu. Maiti namjua. Usinililize kwa maiti anayekula na kulala."

Ratnavelu aliinama akaokota miwa, mmoja mmoja, akaifuta vumbi kwa kitambaa chake cha begani. Alipofika mlangoni Sivakami hakumpisha.

"Baba Poongodi," alisema, si kwa sauti kubwa. "Kahawa inapoa."

Nilidhani angemkemea. Alisimama kidogo na miwa kifuani, kisha akapokea kikombe, akaingia ndani.

Mchana Sivakami alikuja kwangu kama kawaida, lakini nyuzi hakuzigusa.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote."

"Basi kiapo changu kimekwisha. Niliapa kwa aliyekufa." Akanitazama. "Au?"

"Mimi si kuhani, Sivakami."

"Ningetaka kuhani ningekwenda hekaluni. Nakuuliza wewe."

Nikamwambia kwa akili yangu naona kimekwisha. Aliitikia kwa kichwa. Upande wa pili shangazi alikuwa akimfokea Ratnavelu kuhusu chumvi.

"Hawezi kuja hapa," alisema hatimaye. "Vijana wa mtaa huu watamvunja miguu yule mwenzake. Na yeye bila mwenzake haji, namjua. Kule mimi siwezi kwenda, huyu hataniruhusu. Kusema ni kitu kimoja, kuruhusu ni kingine." Akainyoosha miguu yake. "Mwaka jana siku kama hii alinishikia taa. Nilimgombeza kwamba anaitikisa. Hakuitikisa hata kidogo, dada, ni macho yangu tu yasiyoona vizuri."

Aliondoka jua lilipoanza kushuka. Nilimwona ameketi kwenye baraza lake, shangazi akimchana nywele.

Asubuhi iliyofuata, siku yenyewe ya Pongal, nilitoka bado giza nikamkuta ameshafagia. Alimwaga maji ya samadi ya ng'ombe ya kutuliza vumbi, akangoja yanywee kidogo, akaiweka taa chini kwa sababu hakukuwa na wa kuishika. Akaweka vitone. Mara ya kwanza mkono ulikosea, akafuta kwa kiganja, akaanza tena. Hakuchora ua kubwa la kushindana na wenzake. Alichora ile ndogo ya siku za kawaida, ya nyumba ambayo watu wake wanakwenda kazini na kurudi. Ratnavelu alifungua mlango, akasimama kizingitini, akatazama, akarudi ndani.

Sivakami akavuka njia akaja kwangu, vidole vyeupe kwa unga.

"Nipigie," alisema.

Nikatafuta namba, nikabonyeza, nikampa. Aliishika simu kwa mikono miwili sikioni. Iliita mpaka ikakatika.

"Bado amelala," aliniambia. "Huyo usingizi anaupenda."

Akaketi barazani kwangu, akaipakata simu, akaitazama barabara ambayo ukungu ulikuwa haujaiachia. Baada ya muda akanirudishia.

"Piga tena."