Maswali ya Athanasi

Mwaka ule wa 1998 Athanasi wa kijiji cha Ndama alikuwa na wagonjwa wawili, na wote wawili, jamani, walikuwa waongo.

Wa kwanza ni seva ya ofisi ya shirika la kanisa alikofanya kazi, pale Kayanga: ile kompyuta kuu inayotambua jina na neno la siri la kila mfanyakazi kabla ya kumfungulia mafaili yake. Ikizira, ofisi nzima inabaki kutazamana. Wa pili ni mkewe, Laurensia. Tangu msimu wa kahawa magauni yake yalikuwa yakimpwaya, lakini ukimuuliza, anasema haumwi kitu.

Athanasi alimpenda mke yule, tusifichane. Ila kila alfajiri ilimbidi apande baiskeli akaiangalie seva kabla watu hawajafika, akimwacha Laurensia anamenya ndizi peke yake. Alitaka jambo moja tu: asubuhi akae na mkewe, ajue kinachomkondesha.

Basi akafungua kitabu cha mafundi, akakisoma wiki mbili, akatunga amri za kuikagua seva bila yeye kuwapo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi kompyuta nyingine iiulize, "Upo?" na jibu lichapwe kwenye karatasi. Jovitha, katibu muhtasi, akiona jibu baya amtume dereva aende Ndama kumwita.

Siku nne karatasi ikasema ipo. Athanasi akala katogo ya ndizi na maharage kwake kama bwana harusi. Siku ya tano dereva akaja mbio. Karatasi ilisema ipo, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia. Diski ilikuwa imejaa pomoni.

"Shikamoo, mzee Athanasi," Jovitha alimpokea mlangoni, mikono kiunoni. "Hivi hiyo mashine yako umeiuliza nini hasa?"

"Marahaba. Nimeiuliza kama ipo."

"Na kweli ipo! Hee, umeisalimia kama mkwe!"

Athanasi akacheka. Ni kweli. Huku kwetu mgeni humuulizi habari za tumbo mlangoni. Utamsalimu, naye hata kama homa imemkalia kifuani atakujibu "nzima, waitu," kwa neno letu la heshima, mpaka mtafune punje za kahawa kwanza ndipo lije la moyoni. Athanasi aliipelekea mashine adabu hiyohiyo, na mashine haijui kutafuna kahawa.

Akashinda akiandika amri upya, safari hii bila haya. Diski yako imebakiwa na nafasi kiasi gani? Saa yako inalingana na za wenzako? Nikikuletea jina na neno la siri, unanitambua? Nakala ya jana uliihifadhi? Na kila swali akaliwekea kiwango, kwamba mambo yakishuka hapa, piga kelele.

Jioni alirudi nyumbani kichwa kimejaa maswali. Laurensia alikuwa uani, anachambua maharage.

"Umeshindaje?"

"Nzima, waitu."

Siku nyingine angekwenda zake kuoga. Leo akavuta kigoda.

"Mchana umekula nini? Kiasi gani?"

"Athanasi, umekunywa?"

"Sijanywa. Usiku unalalia ubavu gani? Mbona ule wa kulia umeuacha? Panauma wapi, Mama Celestina?"

Laurensia aliendelea kuchambua. Mikono ikapungua kasi, ikasimama.

"Kuna uvimbe," alisema. "Titi la kulia. Niliogopa utaacha kazi kwa ajili yangu."

"Kesho tunakwenda hospitali. Mimi na wewe."

"Na hiyo seva yako?"

"Ikiumwa, itamwambia Jovitha."

Laurensia akautwaa mkono wa mumewe, akauingiza mwenyewe chini ya kitenge, akamwonyesha mahali. Athanasi alipougusa ule ugumu alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na Laurensia ndiye akawa wa kumbembeleza.