Mwishehe na Kilio cha Bilali

Kabla ya filamu, Mwishehe wa Kisarawe alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Kikundi chao kilizunguka kumbi za baa za Kibaha: ngoma kwanza, sarakasi, halafu kichekesho chake. Alijaza mto tumboni, akajipaka masizi, akabwata mpaka watu wakashika mbavu. Rafiki yake Bilali kazi yake ilikuwa kusimama pembeni na kuitikia, "Ndiyo, bosi."

Filamu za video ziliposhika kasi, mwongozaji mmoja kutoka Dar akaja kuwajaribu uani kwa mtu, mtaa wa Tangini, hapo hapo Kibaha. Mwishehe alitoa yote aliyokuwa nayo.

"Kaka, unapiga kelele," mwongozaji alimwambia. "Kamera iko hapa hapa." Akamgeukia Bilali. "Wewe usifanye kitu. Niangalie tu."

Bilali akaangalia, akapewa nafasi kubwa: mtu aliyefiwa na kaka yake.

"Mwishehe akikosa, na mimi siji," Bilali akasema.

Basi Mwishehe akapewa nafasi ya maiti. Afadhali wangemfukuza. Kubebwa na Bilali!

Siku ya kurekodi, kwenye nyumba ya kukodi huko Soga, alilazwa kitandani na kufunikwa shuka. Bilali akapiga magoti, akalia. Hakupiga yowe, sauti ilikuwa inakatika tu kooni. Chini ya shuka Mwishehe akawasikia akina mama majirani, waliokuja kutazama tu, wakivuta kamasi. Miaka yote ya jukwaani hakuwahi kumliza mtu. Roho ikamuuma. Bilali alipofunua shuka amuage ndugu yake, maiti akafumbua jicho moja na kumkonyeza.

Bilali alianguka chali juu ya beseni. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na mwongozaji, badala ya kukasirika, akaibadilisha hadithi: kumbe marehemu anajifanya kufa.

Filamu hiyo ikamfungulia Mwishehe njia. Aliitwa kwenye filamu moja baada ya nyingine, na mtaani wakampa jina la Marehemu. Bilali hakuitwa tena. Alirudi Kisarawe kulima mihogo.

Mwishehe alikuwa ameshinda, lakini mkewe Mwanne, kila akiweka mkanda ule, alisema, "Nirudishie pale Bilali analia."

"Pa kuchekesha pako mbele."

"Najua. Nataka pale."

Mwishehe alikuwa akizima televisheni na kutoka nje.

Juzijuzi, sikukuu ya Idi, Bilali alikuja Tangini, wanakoishi Mwishehe na mkewe, kuwasalimia. Wote wana mvi sasa. Mwanne akamuuliza, "Shemeji, siku ile ulikuwa unamfikiria nani hata ukalia vile?"

"Nilimfikiria yeye," Bilali akajibu, akimwonyesha Mwishehe kwa kidevu. "Nilijiambia, ingekuwa kweli je?"

Mwanne akafuta macho. Mwishehe akaguna kwamba chai imepoa, akabeba birika kwenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu, wivu umemkaba. Hata katika kumpenda rafiki, Bilali alikuwa amemzidi.