Siku Niliyokwenda Posa Nikinuka Bangi

Aibu hii niliifanya mwenyewe, sina wa kumsingizia, na bora muisikie kwangu kuliko kwa shemeji yangu Othman, ambaye kila akiisimulia ananiongezea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kazi yangu hapa London ilikuwa kuwahudumia wagonjwa majumbani. Mmoja wao alikuwa Bwana Derek wa Croydon, fundi umeme mstaafu, Mwingereza, ambaye maradhi ya mishipa ya fahamu yalikuwa yamemkakamaza miguu. Jumamosi ile sikuwa kazini, nilikuwa nimevaa kanzu mpya na koti zito, nakwenda Ilford kumposea Seif, mtoto wa marehemu kaka yangu, nikapita kwa Derek kumwachia dawa zake (dakika tano, nilijiambia). Akaniomba nimsukume kwa kiti chake cha magurudumu hadi klabuni, mtaa wa pili, zamu ya kuhudumia miche ilikuwa yake. Klabu ya bustani, ndivyo alivyokuwa akiiita siku zote, na mimi nikidhani wanapanda nyanya.

Ilikuwa nyuma ya gereji ya matairi, mlango wa chuma, ukigonga unachunguliwa kwanza. Akatufungulia Bi Maureen, katibu wao, mwalimu mstaafu. Ndani kuna taa kali kama za uwanja wa mpira, kuta zimebandikwa karatasi za kung'aa, na bangi imejipanga kwenye vyungu, safu kwa safu.

"Hatuuzi," akaniambia Bi Maureen, kwa upole kabisa. "Tuko wanachama kumi na wawili, karibu wote wagonjwa, inatutuliza maumivu. Kila mmoja na chungu chake chenye namba, na zamu yake."

"Na polisi?" nikauliza.

"Hawajaomba uanachama," akasema Derek.

Mwenye akili angeondoka hapo hapo. Lakini nikaona majani yamegeuka manjano na udongo umelowa chapachapa, na mimi ni mtoto wa shamba la karafuu Pemba, vitalu vya miche nimeviinamia tangu sina meno ya mbele. Nikajisikia nasema, "Nani anamwagilia hivi? Mnaizamisha. Mizizi nayo inapumua." Wakanisogelea. Nikavua koti, nikapandisha mikono ya kanzu, nikawaonyesha kupima unyevu kwa kidole, nikawasaidia kukata vipandikizi kwenye mti mama (ule hawauvuni, kazi yake ni kuzaa miche tu), Bi Maureen anaandika kila neno langu daftarini, nami kichwa kikavimba, saa nzima ikapita na zaidi. Aliniambia mtambo wa kuchuja harufu umeharibika tangu Jumatano, lakini pua yangu ilikuwa imeshazoea, sikusikia kitu.

Kwenye treni watu wakainuka mmoja mmoja wakanipisha. Nikadhani hawapendi kanzu. Nikawasamehe.

Ilford nilimkuta Seif mlangoni na Othman, kaka wa mke wangu, tukaingia. Mwenye nyumba, baba wa binti, alikuwa Maalim Khatib, anayesomesha Kurani watoto wetu wote, na kwenye kochi la pembeni alikaa mama yake, Bi Time. Nikaanza kwa sauti yangu ya heshima, "Maalim, tumekuja kwenu kwa jambo la kheri," na mtu akaenda kufungua dirisha. Januari ile. Nikaendelea, likafunguliwa la pili.

"Shemeji," Othman akaninong'oneza, "umepitia wapi?"

Kabla sijamjibu, Bi Time akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mahakama Wete, na bangi za kesi ziliwekwa chumba cha pili yake. Harufu hii naijua. Nani kaja nayo?"

Ningenyamaza. Badala yake nikasema, "Mimi sivuti, Bi Mkubwa. Nilikwenda kuwafundisha kumwagilia tu."

"Kuwafundisha akina nani?" akauliza Maalim.

"Wanachama," nikajibu, na nilipoona nyuso zao nikazidi kueleza, kwamba hawauzi, kwamba kila mtu ana chungu chake, kwamba katibu ni mwalimu, na kila nikieleza nazidi kuzama, jasho likanitoka, nikachomoa leso mfukoni nijifute, na leso ikatoka na jani bichi, lenye vidole vyake vyote, likatua juu ya sahani ya halua.

Seif alifumba macho.

"Ndugu yangu," akasema Maalim, taratibu, "kahawa mtakunywa. Hayo mengine tutayazungumza siku nyingine, na mtu mwingine."

Tulirudi kwa gari la Othman, madirisha wazi. Tulipofika kwangu ndipo Seif akasema, "Ami, baba angekuwepo angecheka." Akanifungulia mlango wa gari. "Mimi bado siwezi." Lile liliniuma kuliko yote, maana siku ile nilikwenda pale kwa niaba ya baba yake.

Alhamdulillahi, miezi miwili baadaye alikwenda Othman, akakubaliwa kwa kikao kimoja. Siku ya nikaha mimi, ami wa bwana harusi, nilipangiwa kusimamia uegeshaji wa magari nje ya ukumbi, kwenye baridi, kwa maelezo kwamba nina koti zuri. Nikasimama, nikawaelekeza wageni kushoto na kulia, na pale pale nikajiapia kwamba nikitumwa posa tena nitatoka kwangu moja kwa moja hadi posani, hata nikimkuta njiani mtu anazamisha shamba zima.

Kiapo hicho sijakivunja. Ila kusema kweli, hakuna aliyenituma tena.