Kila Mchongo, Bati Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya dizeli na brashi, nikaambiwa nioshe silinda hedi ya trekta. Sikujua hedi ni nini. Nilidhani nitapewa ufagio, maana nilikuwa mwanamke peke yangu pale, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Ilikuwa karakana ya wakulima kule Ruanda, Mbozi. Fundi Mkuu alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akapitisha kidole kwenye kila tundu.

"Binti, hapa kuna masizi."

"Nimeosha, Fundi."

"Umelowesha. Kuosha ni kitu kingine."

Nikarudia. Ndivyo nilivyoanza, na nyie vijana mnaoanza kwa kushika simu kwanza, sikilizeni.

Hedi ni kile chuma kizito kinachofunika silinda kwa juu. Injini ikichemka sana, uso wake wa chini unapinda, maji na moto vinaonana, gasketi inayoziba katikati inaungua. Basi hedi inafunguliwa, inapelekwa mashineni, uso unachongwa mpaka unyooke. Ikirudi imekuwa nyembamba kidogo. Sasa valvu ziko ndani ya hedi, lakini zinafunguliwa na fito zinazotoka chini, kwenye bloku, ule mwili wa injini. Fito inasukuma roka, kile kipande kinachobembea juu ya hedi, na roka inakandamiza valvu. Hedi ikishuka na fito zikabaki na urefu ule ule, ile nafasi ndogo kati ya roka na mkia wa valvu inapungua, pengine inakwisha kabisa. Isiporekebishwa valvu haifungi, inaungua.

Nafasi ile tunaipima kwa fila, kile kitabu cha mabati membamba. Kila injini ina bati lake. Unalipitisha, unakaza skrubu ya roka mpaka bati likwame kidogo tu, kama uzi mnene kwenye tundu la sindano.

Hapo ndipo Fundi Mkuu alipokuwa na sheria yake. "Hedi ikichongwa nafasi inapungua. Kwa hiyo unaongeza. Kila mchongo, bati moja." Maana yake, hedi iliyochongwa mara moja unaipimia mabati mawili pamoja, mara mbili mabati matatu. Tulikariri kama amri za kanisani. Hakuna aliyeuliza, na mimi wa darasa la nne ningeuliza nini?

Kulikuwa na trekta moja la mzee wa Hasamba, hedi yake imechongwa mara mbili, na amelifunga Fundi Mkuu mwenyewe. Tulikuwa tunaliita Kinu. Likiwa bado kule kwenye mibuni tunalisikia linatwanga, tunasema mzee anakuja. Siku moja mzee alilalamika kwamba halina nguvu kama zamani. Fundi Mkuu akamjibu, "Hedi iliyochongwa ndivyo inavyolia, mzee wangu. Hata wewe magoti yako yanalia." Tukacheka, mzee naye akacheka, akaondoka anatwanga.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Ivuna, kule bondeni, kwenye kituo kidogo cha karakana ile ile. Kituo ni mimi, sanduku la spana na kivuli cha bati. Joto lake siwezi kulieleza. Huko nikaletewa trekta la Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake na sasa analima mpunga. Injini ilikuwa imechemka, na alama kwenye hedi zilionyesha imeshachongwa mara mbili. Tukaipeleka Tunduma mashineni, ikachongwa ya tatu. Walipima kina cha valvu zisije zikagonga pistoni, wakasema inafaa, lakini ndiyo mwisho wake.

Mzee Masanja alikuwa na haraka, na haraka yake nilielewa. Udongo wa mbuga kule ni mweusi. Ukiwa mkavu maksai hawauwezi, ni trekta tu. Ukilowa, trekta linazama mpaka ekseli. Kwa hiyo shamba lote linatakiwa lilimwe kabla ya mvua ya kwanza, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Rukwa. Wakichelewa, mwaka ule hawana mpunga.

Nikafunga hedi, nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Nikaziweka valvu kwa makadirio tu, nikawasha mpaka ikapata moto, nikaacha ipoe, nikakaza tena, maana gasketi mpya hulala. Kisha valvu. Michongo mitatu, basi mabati manne pamoja. Nilipoyashika nikaona ni manene, kama nimeshika kadi. Mkono ulikataa. Lakini sheria ni sheria.

Likawaka. Likatwanga kuliko Kinu.

"Mama fundi, hili linapiga ngoma," alisema Mzee Masanja.

"Hedi iliyochongwa ndivyo inavyolia."

Nilijisikia nikisema maneno ya mtu mwingine. Wakaenda shambani. Kabla ya saa sita wakarudi kwa miguu. Jembe likishuka trekta linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, na mwisho silinda moja ilinyamaza kabisa. Nikafuata na sanduku langu. Nikafungua kifuniko, nikakuta fito moja imechomoka chini ya roka kwa ulegevu. Haikupinda, Mungu alinihurumia.

Nikairudisha. Nikachukua tena mabati manne, nikapima, sawasawa kama nilivyoacha. Nikachanganyikiwa kweli. Nimefuata sheria, na sheria imechomoa fito. Nikahesabu michongo upya, nikafikiri labda ilikuwa miwili. Nikafikiri labda nipunguze, halafu nikaogopa valvu zitaungua. Nikakaa chini kwenye mtaro.

Mke wa Mzee Masanja, Mama Minza, alikuwa ameleta uji. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za watoto wa kule. Akaniuliza, "Kinachokushinda ni nini? Niambie hata kama sielewi."

Nikamweleza. Hedi imekonda, nafasi imepungua, ndiyo maana naongeza bati.

"Na hilo bati unapimia wapi?"

"Hapa, juu ya valvu."

"Baada ya hedi kufungwa?"

"Baada ya kufungwa."

Akatua kikombe. "Mama fundi, mtoto akinenepa mimi namzungushia futi kiunoni. Futi linaniambia amenenepa. Nikishakata kwa futi, naongeza tena kwa sababu amenenepa? Si sketi itamvuka mbele ya mwalimu!"

Nikamwambia injini si sketi. Akasema, "Haya, kaa na injini yako. Mvua ile pale."

Nilizunguka trekta mara mbili. Kichwa changu kilikuwa kinaelewa na kukataa kwa wakati mmoja. Mchongo umepunguza nafasi, kweli. Lakini bati ndilo linalopima nafasi iliyopo sasa. Nikishaweka bati moja, nafasi ni ile inayotakiwa, hata hedi ingechongwa mara kumi. Nikiweka manne inazidi, valvu haifunguki vya kutosha, injini inakosa hewa. Na bado nilisikia sauti ya Fundi Mkuu. Nikarekebisha zote kwa bati moja, silinda moja moja, valvu zote mbili za silinda ile zikiwa zimefunga.

Likawaka. Likanguruma tu. Mama Minza akasema, "Limenyamaza, limekufa?"

Walilima usiku na mchana, dereva kwa zamu. Shamba la juu liliisha. La chini lilibaki nusu, mvua ikalifunika. Nusu ile ni ya mabati yangu manne, siwezi kumpa mtu mwingine. Mama Minza alinipa gunia dogo la chumvi ya Ivuna.

Niliporudi Ruanda nilimweleza Fundi Mkuu mbele ya wenzangu, maana makosa yalikuwa yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Akafuta mikono, akasema, "Aliyenifundisha alisema kila mchongo, bati moja." Kisha akasema, "Mwiteni mzee wa Hasamba."

Alilirekebisha Kinu mwenyewe. Wiki haikuisha mzee akalirudisha, kakasirika. "Mmeliharibu! Halitwangi! Mke wangu hasikii nikirudi, naukuta ugali umepoa!" Fundi Mkuu alilifungia trekta jembe, wakaenda kujaribu shambani. Mzee alirudi ameshika kofia, akauliza jambo moja tu: miaka yote ile alikuwa analimia nini?

Nilimalizia kazi Tunduma, kwenye gereji ya malori ya mpakani, mpaka macho yakakataa kusoma namba za fila. Sasa nimepumzika. Watu wanadhani mzee aliyestaafu anajua. Mimi nakaa na yale yote Fundi Mkuu aliyonifundisha, na mengi yalikuwa kweli: kuosha, kukaza kuanzia katikati, kusubiri ipoe. Yalitoka mdomo ule ule, kwa sauti ile ile. Nimewafundisha vijana wengi baada yake, nao wanafundisha. Na hata leo sijui ni lipi kati ya yale niliyowapa ni bati la ziada.